Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara kuhusu lundo la chumvi lililoachwa wazi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: UHIFADHI WA CHUMVI YA BARABARANI KABLA YA MSIMU UJAO WA BARIDI

Ninakuandikia wakati huu, theluji ya mwisho ikiwa imekwisha kuyeyuka na watu wameshaisahau barafu, kwa sababu chumvi ya kumwaga barabarani ili kuyeyusha barafu huharibika zaidi katika miezi ambayo haitumiki. Msimu uliopita ulimalizika likiwa limesalia lundo kubwa nyuma ya karakana ya matengenezo, juu ya ardhi ya kokoto, likiwa limefunikwa nusu kwa turubai lililochanika, na hadi leo liko vilevile. Katika vitabu vya ofisi yako bila shaka lundo hilo linahesabiwa kuwa akiba. Naomba kwa heshima nikueleze kwa nini sehemu ya akiba hiyo haitakuwapo baridi itakaporudi, na kwa nini itakayosalia huenda isifae kumwagwa mpaka ipondwe.

Chumvi hii ni sodiamu kloraidi, sawa na ya mezani ingawa haikusafishwa kama hiyo, na lita moja ya maji inaweza kuyeyusha gramu zipatazo 360. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya eneo la meta za mraba 100 huleta lita 1,000 za maji, na maji hayo yakishiba chumvi yanaweza kuondoka na zaidi ya kilo 350. Nakiri kwamba si kila tone hushiba, kwa kuwa maji mengi huteleza juu juu na kwenda zake, lakini hiyo ni hesabu ya mvua moja tu, nalo lundo lina miezi kadhaa ya kunyeshewa. Hata siku zisizo na mvua si salama: unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani, na hewa ikikauka maji hayo huondoka na kuziacha punje zimeshikana. Wauzaji huchanganya kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia kushikana, mara nyingi sodiamu ferosianidi, lakini dawa hiyo nayo huyeyuka majini, hivyo mvua huisomba pamoja na chumvi yenyewe.

Niliwahi kuendesha mtambo wa kijiko katika yadi nyingine kwa misimu kadhaa, na ninalijua ganda linalofanyika namna hiyo. Juu huwa gumu kama zege, chini yake chumvi ni laini. Dereva anayeharakishwa saa tisa za usiku hachongi kutoka juu. Huchota chini, ambako ni rahisi, na taratibu hujengeka pango lenye paa la chumvi linaloning'inia juu ya kijiko. Siku moja paa hilo lilianguka mbele yangu, na kilichonisalimisha ni kwamba nilikuwa nimeanza kurudi nyuma. Mabonge yaliyofika kwenye lori yalikwama katika mtambo wa kumwagia, na malori yakasimama foleni huku wafanyakazi wakiyavunja kwa nyundo. Usiku huo chumvi tulikuwa nayo tele, lakini barabara zilibaki na barafu.

Hata hivyo, hasara ya fedha na ya kazi si ndiyo inayonisumbua zaidi. Kloraidi ikishaingia ardhini haiozi wala haishikwi na udongo. Hufuata maji hadi kwenye visima na vijito. Takriban asilimia 60 ya uzito wa chumvi ni kloraidi, maana yake tani moja iliyoyeyuka ina kilo zipatazo 600, zinazotosha kufikisha zaidi ya lita milioni 2 za maji safi kwenye miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho mwongozo wa Marekani wa maji ya kunywa unashauri kisipitwe kwa sababu ya ladha. Kwa viumbe wa majini wanaoishi humo muda mrefu, Wamarekani wameweka kiwango cha chini zaidi, yaani miligramu 230. Kanada ilifanya tathmini ya chumvi za barabarani mwaka 2001, ikazitaja yadi za kuhifadhia miongoni mwa vyanzo vya madhara, na mwaka 2004 ikatoa kanuni za utendaji zinazogusa jambo hili hili. Chumvi iliyomwagwa barabarani nayo huishia majini, lakini angalau iliwahi kumwokoa mtu asiteleze. Ile inayochuruzika kutoka nyuma ya karakana haikumsaidia yeyote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ningeomba kazi ianzie chini. Nimeona mahali pengi paa likijengwa kwanza kwa kuwa linaonekana, huku sakafu ikibaki ya udongo. Sakafu inapaswa kuwa ya lami au ya zege lililozibwa vizuri lisipitishe maji, iinuliwe kuliko ardhi inayoizunguka ili maji ya nje yasiingie, na iwe na mwinamo unaopeleka maji ya chumvi kwenye tangi badala ya mtaro wa mvua. Ghala lielekezwe ili mlango wake usikabiliane na upepo unaovuma zaidi, na paa lake liwe juu kiasi cha kuwezesha malori kupakiwa ndani. Mbao hustahimili chumvi vizuri, ilhali chuma kisicholindwa huliwa upesi. Ukubwa wake upimwe kwa lundo lenyewe: meta moja ya ujazo hubeba takriban tani 1.2 hadi 1.3, na chumvi ikimwagwa hutulia kwa mteremko wa nyuzi 32 hivi, kwa hiyo ghala haliwezi kujazwa hadi pembeni kama tangi la maji. Anayeilazimisha ijae huzielemeza kuta mzigo ambao hazikujengewa.

Ikiwa fedha za ghala hazitapatikana mwaka huu, sakafu na turubai zima vinaweza kutuvusha, mradi lundo lichongwe liwe na mgongo usio na mashimo ya kutuamisha maji, lifunikwe siku ileile shehena inapofika, vipande vya turubai vilaliane, na vifungwe kwa kamba na vizito vinavyofika hadi chini. Wakati wa kazi ufunuliwe upande mmoja tu, ule uliokingwa na upepo, na chumvi ya zamani itumike kabla ya mpya. Mchanga uliochanganywa na chumvi nao ufunikwe, kwani watu husahau kwamba nao huvujisha chumvi.

Maji ya kuoshea malori, pamoja na yale ya tangini, yakichujwa uchafu na mafuta yanaweza kutengenezea maji ya chumvi ya kunyunyizia barabara kabla ya theluji. Mchanganyiko wenye chumvi asilimia 23.3 hauanzi kuganda mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri.

Ombi langu la haraka ni moja, na halihitaji ujenzi wowote. Kabla ofisi yako haijaagiza shehena nyingine, tafadhali agiza lundo lililopo lipimwe, kisha kipimo hicho kilinganishwe na tani zilizopokelewa na tani zilizopakiwa kwenye malori msimu uliopita. Tofauti itakayoonekana ndiyo chumvi iliyotoroka, na wananchi waliolipia wangependa kuijua. Niko tayari kufika yadini siku yoyote utakayonipangia.

Wako mtiifu,

Mkazi wa mji huu, aliyekuwa dereva wa mtambo wa kijiko