Tovuti za Serikali nazo ni nyaraka za Taifa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUHIFADHI TOVUTI ZA SERIKALI KABLA HAZIJAFUNGWA

Mtu anayetaka kujua maofisa wa Kijerumani waliandikiana nini walipokuwa wakiitawala nchi hii anaweza kuja kwenye idara yako, akajaza fomu, akaletewa jalada. Kumbukumbu hizo zimetunzwa vizuri kiasi kwamba mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na heshima hiyo ni ya watumishi waliokutangulia pamoja nawe. Lakini anayechunguza siasa zetu za miaka 10 au 15 iliyopita, ambazo sehemu kubwa ya maandishi yake ilitolewa mtandaoni, hana uhakika huo. Ndiyo sababu ya kukuandikia.

Nianze na mfano ambao kila mtafiti wa katiba anaujua. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013, ikasikiliza mabaraza ya katiba, na tarehe 30 Desemba mwaka huohuo ikakabidhi rasimu ya pili, ile iliyopendekeza muundo wa serikali tatu. Rasimu na taarifa za Tume ziliwekwa kwenye tovuti yake, mwananchi wa Kasulu akazisoma sawasawa na profesa wa Mlimani. Machi 2014 Tume ilimaliza muda wake, na tovuti ikaondolewa hewani wakati Bunge Maalumu likiwa Dodoma likijadili rasimu ileile. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, kura ya maoni iliyotarajiwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mjadala haujafungwa hadi leo. Nakala za rasimu zimesalia kwa sababu watu binafsi walikuwa wamezipakua, wakatumiana kwa barua pepe na kuzipandisha kwenye blogu zao. Tunawashukuru. Hata hivyo, nakala iliyopitia mikono kumi haimwambii msomaji kama ibara anayoinukuu ndiyo iliyotolewa na Tume au kuna aliyeigusa njiani. Kwa jambo zito kama muundo wa Muungano, shaka hiyo si ndogo.

Wapo watakaosema kwamba tovuti ile ilifungwa kwa sababu za kisiasa. Sina haja ya kuingia huko, kwa kuwa tovuti za Serikali huhatarishwa hata pasipo nia mbaya ya mtu yeyote. Oktoba 2017 Wizara ya Nishati na Madini iligawanywa kuwa wizara mbili. Januari 2022 Afya ilitenganishwa na Maendeleo ya Jamii. Mwaka 2024 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kila muundo unapobadilika, huja anwani mpya na sura mpya ya tovuti, na uamuzi wa kipi kihamishwe na kipi kiachwe huangukia kwa ofisa wa TEHAMA ambaye hakuajiriwa kuwa mtunza nyaraka na ambaye, mara nyingi, ameambiwa kazi ikamilike kabla ya Ijumaa.

Chukua tena taarifa za uteuzi. Kwa miaka mingi sasa tumezizoea: ukurasa mmoja wenye nembo ya Taifa, uliopigwa picha ukiwa umepinda kidogo, unaoeleza nani ameteuliwa na nani ametenguliwa, ukimalizia kwa maneno "uteuzi huu unaanza mara moja". Huzunguka kwenye WhatsApp kabla ya saa mbili za usiku, na pengine kesho yake hufuatwa na mwingine uliogongwa neno FEKI kwa wino mwekundu. Anayetaka kupanga orodha ya wakuu wa wilaya fulani tangu 2010 atazihitaji zote, za kweli na za uzushi, zikiwa zimetenganishwa na mamlaka yenye haki ya kuzitenganisha. Kwa kuwa ni picha, maandishi yake hayatafutiki kirahisi. Kwa kuwa zimesambaa kwenye simu, hazina mahali pamoja pa kurejelea.

Kwa sasa kimbilio letu ni Internet Archive ya San Francisco, ambayo tangu 1996 imekuwa ikinakili kurasa za dunia nzima. Ni msaada mkubwa, lakini hunakili kwa ratiba yake: mara nyingi utakuta ukurasa wa mbele wenye picha ya waziri, na ukibofya kiambatisho ulichokifuata, hakipo. Uingereza kazi hiyo hufanywa na hifadhi ya taifa yenyewe, na siombi tuige bajeti yao. Naomba tukubali msingi wao, kwamba mtunza nyaraka za nchi anatunza pia tovuti za nchi.

Sheria haikuzuii. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inahesabu kumbukumbu bila kujali imeandikwa kwenye chombo gani, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeshatambua maandishi ya kielektroniki. Utaratibu wa kusubiri miaka 30 kabla ya kufungua majalada uliwekwa kwa ajili ya karatasi, ambayo ikiachwa kabatini itaonekana bado ipo, labda na vumbi. Ukurasa wa tovuti hausubiri, wala hauna siri ya kulinda, maana ulishatangazwa kwa kila mtu siku ulipowekwa. Nayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi iliyonayo. Tume ikishavunjwa, raia huyo amwandikie nani?

Ombi langu ni kwamba, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Serikali Mtandao, idara yako itoe mwongozo kuwa hakuna anwani ya go.tz itakayofungwa au kusukwa upya kabla ya nakala yake kamili, pamoja na viambatisho, anwani ya awali na tarehe ya kunakiliwa, kupokelewa kwenye hifadhi na kufunguliwa kwa wasomaji bila kibali. Anzeni na tume na kamati maalumu, ambazo siku ya mwisho wake hujulikana mapema. Aidha, mtufahamishe kama tovuti ya Tume ya Jaji Warioba ilikabidhiwa kwenu. Ikiwa haikukabidhiwa, waliokuwa watumishi wa sekretarieti yake waulizwe sasa, wangali wapo na huenda wana nakala.

Zanzibar ina taasisi yake ya nyaraka, na tovuti zake nyingi ziko chini ya go.tz hiyohiyo, kwa hiyo mazungumzo na wenzenu wa kule yatahitajika tangu mwanzo.

Nawasilisha.

Mtafiti wa siasa na utawala,
Morogoro.