Mdogo wangu, kabla hujakubali kupasuliwa ini, uliza jina la uvimbe

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu ultrasaundi ionyeshe uvimbe kwenye ini lako, unauliza jambo moja tu: watautoa lini? Najua hofu inavyomsukuma mtu kutaka kitu kigeni kitoke mwilini hata leo. Lakini kuna swali linalotangulia hilo: uvimbe huo unaitwaje? Uvimbe wa ini usio saratani una aina kadhaa, na jina lake ndilo litakaloamua kama utaingia chumba cha upasuaji au utarudi nyumbani na tarehe ya kipimo kingine. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wako wengi walioshika ripoti kama yako na hawana wa kuwaeleza.

Unaopatikana zaidi ni hemanjioma, fundo la mishipa midogo ya damu. Wengi huishi nayo mpaka uzeeni bila kujua. Haigeuki saratani, na ni nadra sana kupasuka yenyewe, kwa hiyo ukubwa peke yake si sababu ya kuitoa. Hutolewa ikiwa inaleta maumivu yasiyo na chanzo kingine, au katika hali adimu inapomaliza chembe za kugandisha damu. Hayo maneno "yasiyo na chanzo kingine" yana uzito. Mtu mwenye vidonda vya tumbo au mawe kwenye kifuko cha nyongo akitolewa hemanjioma, ataamka na kovu refu na maumivu yaleyale aliyokuja nayo.

Aina ya pili madaktari huiita kwa kifupi FNH. Ni kinundu cha seli za ini za kawaida zilizojipanga vibaya, mara nyingi kikiwa na kovu katikati lenye umbo la nyota. Kikishathibitishwa na hakikusumbui, huachwa.

Adenoma ndiyo inayotaka umakini. Huwapata zaidi wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na pia watu wanaotumia homoni za kujenga misuli. Ina hatari mbili: kuvuja damu na kugeuka saratani, na zote hupanda ikizidi sentimita 5. Kwa mwanamke kama wewe, hatua ya kwanza kwa kawaida si kisu. Ni kuacha estrojeni, kupunguza uzito kama umezidi, kisha kurudia MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, baada ya miezi 6. Adenoma nyingi husinyaa. Ikibaki juu ya sentimita 5, au ikiendelea kukua, itolewe. Kwa mwanamume hatungoji, hutolewa hata ikiwa ndogo, kwa sababu kwake uwezekano wa saratani ni mkubwa zaidi. Vivyo hivyo ikiwa kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara kimeonyesha mabadiliko katika jeni ya beta-katenini.

Ultrasaundi pekee haitoshi kuzitofautisha FNH na adenoma. Omba MRI yenye dawa inayonyonywa na seli za ini. Dakika 20 hivi baada ya kuchomwa dawa hiyo, FNH huendelea kung'aa kwenye picha kwa sababu seli zake bado zinafanya kazi, ilhali adenoma nyingi huonekana kama shimo jeusi. Na usitulizwe na kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini, kinachotumika kutafuta dalili za saratani ya ini, kilichotoka kawaida. Saratani ya ini huweza kuwepo nacho kikawa kawaida.

Sasa tuseme imeamuliwa upasuliwe. Ini lina vipande 8, kila kimoja kikiwa na njia yake ya damu na mrija wake wa nyongo, ndiyo maana linaweza kukatwa sehemu na iliyobaki ikaendelea na kazi. Uvimbe wa pembeni hutolewa vizuri kwa matundu madogo. Hemanjioma mara nyingi haihitaji kukata ini lenyewe, kwani kati yake na ini lenye afya kuna utando mwembamba, na mpasuaji akiufuata huitoa kama kokwa kwenye tunda. Adenoma hukatwa pamoja na ukingo mdogo wa ini lenye afya. Kama sehemu kubwa inaondoka, uliza itabaki asilimia ngapi. Ini lenye afya huhitaji kubaki na asilimia 25 hadi 30, lenye mafuta mengi huhitaji zaidi. Kilichokatwa hakichipui tena. Kinachobaki ndicho hunenepa kwa wiki na miezi.

Adui mkubwa mezani ni damu. Mpasuaji huzungusha utepe kwenye shina linaloingiza damu ndani ya ini, akalibana kwa dakika 15, akaliachia kwa 5, kisha akabana tena, ili seli zisife kwa kukosa damu. Lakini kubana huko hakuzuii damu inayorudi nyuma kutoka mshipa mkuu unaoelekea moyoni. Hapo kazi ni ya daktari wa usingizi: hupunguza maji ya dripu mpaka ukataji uishe, ili shinikizo katika mshipa huo liwe chini. Akikujaza maji mapema, kila tundu dogo litabubujika. Ndiyo sababu hospitali ya kuchagua ni ile yenye timu nzima iliyozoea ini, siyo jina la mpasuaji mmoja.

Damu ikitulia, huwekwa kitambaa cheupe safi juu ya ini lililokatwa, kikakandamizwa kidogo, kikanyanyuliwa. Doa la manjano, hata dogo kama punje ya mchele, ni mrija wa nyongo ulioachwa wazi, na hushonwa papo hapo. Hata hivyo nyongo huweza kuanza kuvuja siku kadhaa baadaye. Ukiwekewa mrija wa kutoa majimaji tumboni, angalia rangi yake. Yakiwa na rangi ya kijani au ya kahawia, waambie wayapime. Kuanzia siku ya tatu, bilirubini (rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo) ya majimaji hayo ikifika mara 3 ya ile ya damu, hiyo ni nyongo. Mara nyingi huisha kwa kuacha mrija ukae muda zaidi, bila kupasuliwa tena.

Wakati bado unasubiri MRI ya pili, ukipata maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kulia, yakipanda begani, na kizunguzungu au jasho baridi, usimeze dawa ukalala. Nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie una uvimbe kwenye ini. Adenoma inayovuja damu huzibwa kwanza kupitia mshipa kwa mrija mwembamba unaoingizwa kwenye paja. Upasuaji, kama utahitajika, hufanywa baadaye damu iliyomwagika ikishanyonywa, maana kukata ini usiku wa dharura ni hatari kuliko kungoja.

Na vidonge ulivyokuwa ukimeza, usiviache bila kuwa na njia mbadala. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote. Zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango wiki hii, kisha unitumie ripoti ya MRI, ile karatasi ya maelezo na siyo picha tu.

Dada yako