Kinjeketile inaanza na njaa, siyo na maji

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye gazeti lako kwamba vitabu na sanaa za siasa zilikufa na Ujamaa wenyewe, na siku hizi watu wanataka burudani, hawataki kuhubiriwa. Mimi niko Newala, mkulima wa korosho, marehemu baba alikuwa mchonga vinyago, naomba nimjibu kwa heshima maana jambo hili limenikaa rohoni.

Nadhani tatizo linaanzia darasani. Sisi Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tulisomeshwa kwa kukariri, dhamira ya kwanza umoja, ya pili ukombozi, alafu nafasi ya mwanamke, mwalimu anaandika ubaoni sisi tunanakili, mtihani ukiisha daftari linaenda kufungia karanga. Mpaka leo ukimuuliza mtu ile tamthilia ya 1969 inahusu nini atakwambia mganga Kinjeketile, maji ya dawa ya kuzuia risasi za Mjerumani, basi. Lakini fungua mwanzo kabisa uone, yani inaanza na wanawake wanaongelea njaa, ndani hakuna chakula na waume zao wanashinda kwenye shamba la pamba la Mjerumani, muda wa kulima cha kwao hawana. Maji yanakuja baadae. Na kwenye historia yenyewe ndo hivo hivo, vita vya Maji Maji vilipoanza, Julai 1905 kule Nandete, milima ya Umatumbi, watu walianza kwa kung'oa mashina ya pamba. Pamba! Walijua kabisa kinachowamaliza ni nini.

Sasa mjamaa akisoma kitabu kama hicho haanzi kuuliza shujaa ni nani, anauliza nani analima na nani anakula. Ukishauliza hivo hata hadithi ya mapenzi unaisoma kwa jicho lingine, na wala utamu wake haupungui.

Filamu nazo vilevile. Ng'ambo ya Ruvuma hapo, Mueda ya Msumbiji, tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Baada ya uhuru wenyeji wakawa wanaliigiza lile tukio wenyewe, palepale lilipotokea, na 1979 mwongozaji Ruy Guerra akatoa filamu yake kutokana na maigizo yale. Kijana wangu alinionyesha vipande kwenye simu, umeme ulikuwa umekatika tukaangalia mpaka chaji ikaisha. Hamna staa hata mmoja. Mkubwa wa Kireno anaigizwa na mtu wa palepale, na watu waliosimama kuangalia wanamcheka, wanacheka kweli, na mimi nikacheka nao alafu nikakumbuka mwisho wake ni nini nikanyamaza. Ndugu yangu anayesema siasa inaua burudani ningependa akae aangalie zile sura. Upande wa bibi yangu ukoo umetoka kule, kwa hiyo sura zenyewe ni za nyumbani.

Nije kwenye kinyago. Kile cha watu waliobebana kwenye gogo moja la mpingo, huyu kamshika mguu yule, yule kambeba mtoto, sisi tunakiita ujamaa. Baba alikuwa anakaa na gogo moja miezi, tezo, patasi, mwisho msasa mpaka mikono inakuwa nyeusi. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini yule wa chini kabisa kafumba macho, akanambia kachoka, we ungebeba ukoo mzima ungeyafumbua? Alafu anakuja mchuuzi anakichukua kwa bei ya kangomba, ile ya walanguzi wa korosho ya kumlalia mkulima, tena nusu kwa ahadi, ukienda kukiona dukani mjini kimeandikwa mti wa familia, jina la aliyechonga halipo. Wamefuta jina la mtu na neno ujamaa wamelifuta pia, watalii wanapiga nacho picha. Hapo ndo naona uhakiki wa kijamaa una kazi, siyo kutafuta ujumbe tu bali kufuatilia kile kinyago kimetoka mkono gani kikaenda mkono gani na kila mkono umebaki na shilingi ngapi.

Na nakubali jambo moja, msomaji yule hajakosea lote. Zilikuwepo ngonjera na nyimbo za kusifu tu, muhogo umeota usiote sifa ni zilezile, na watu walichoka. Bibi yangu kwenye Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa, aliacha nyumba na mikorosho yake, hakuna ngonjera iliyomtaja. Lakini Kezilahabi kwenye riwaya yake Gamba la Nyoka, 1979, aliandika jinsi watu walivyosukumwa kwenye vijiji, na siamini kabisa kwamba hicho ni kitabu cha adui wa wanyonge. Anayependa Ujamaa kwa dhati anakisoma, na kinamuuma.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Tutengee ukurasa hata mara moja kwa mwezi, tuandike kuhusu vitabu, filamu na vinyago, sisi huku Kusini tulioviona vikizaliwa. Mpwa wangu yuko sekondari, ana mwongozo wa maswali na majibu kuhusu tamthilia, kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Nimempa cha kwangu, hakina jalada, kurasa mbili za mwisho zimeliwa na mchwa ila za mwanzo zipo zote.

Mkulima na msomaji wako,
Newala, Mtwara