Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Sisi klabu ya sayansi tupo 31, na mwaka huu tumeshughulika na mmea mmoja tu, artemisia. Wazazi wengi hapa mnaujua manake mliwahi kuulima, yale majani ukiyafikicha kiganjani harufu haitoki hata unawe na sabuni. Humo ndo inatoka artemisinini ya kutengenezea dawa mseto ya malaria ambayo nchi yetu imeitumia toka mwishoni mwa 2006, ila iko kidogo mno, majani makavu kilo mia yanatoa kama kilo moja na mara nyingi hata haifiki. Aliyeigundua ni mama wa China, Tu Youyou, miaka ya 1970, akapewa tuzo ya Nobel 2015.

Sasa mheshimiwa, kule Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, Profesa Jay Keasling na wenzake walichukua jeni za mmea huu, yaani maagizo ya ndani yanayouambia utengeneze nini, wakaziingiza kwenye hamira, ndo hiyo hiyo jamii ya hamira ya maandazi, wakailisha sukari nayo ikaanza kutoa asidi ambayo ukiimalizia kwa kemikali na mwanga inakuwa artemisinini kabisa. Walitangaza 2006, na kufika 2013 wakawa wanapata gramu 25 kwenye lita moja na Sanofi, kampuni ya dawa ya Ufaransa, wakaanza kuitengeneza kiwandani Garessio, Italia. Hiyo ndo inaitwa baiolojia sintetiki.

Sisi vifaa hivyo hatuna, tukaona tuanze na tulichonacho, chupa ya maji, maji ya uvuguvugu, sukari vijiko viwili, hamira, halafu puto mdomoni. Dakika kumi kimya, ya ishirini puto likainuka lenyewe likasimama, kidato cha kwanza wakapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja. Hapo ndo tulielewa, hamira inakula sukari inatoa gesi kwa sababu jeni zake zinaiagiza hivyo, ukiiwekea agizo lingine itatoa na kitu kingine.

Kilichotuuma ni upande wa shamba. Artemisinini ya hamira ilikuwa dola 350 hadi 400 kwa kilo, ya shambani ikashuka chini ya 250, ndo maana 2015 kile kiwanda hakikutengeneza hata kilo. Mtu anaweza kusema basi mkulima kashinda, hapana, bei hiyo hiyo iliyoishinda hamira ndo ilimwangusha mkulima. Bibi wa mwenzetu mmoja alijaza magunia sita akayapandisha darini, aliyeahidi kununua hakurudi, majani yakaliwa na panya. Na haijaishia kwenye artemisia, hata vanilini, ile ladha ya vanila, tayari kuna inayotengenezwa kwa hamira, wakati ndugu zetu Kagera wanapanda vanila hadi leo.

Hatusemi sayansi hii ni mbaya, dawa inaokoa watoto, na sisi wenyewe tunaitaka kwa moyo wote. Tunachotaka ni kuijua tukiwa huku huku inakoota mimea, ili jeni zikitoka kwenye majani ya kwetu na maabara iwe ya kwetu.

Changamoto tunayo hadubini moja na lenzi yake imepasuka, umeme ukikatika hamira tunayoitunza inaharibika. Tunaomba hadubini mbili, friji ndogo, na usafiri wa siku moja kwenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro tukaone maabara. La mwisho tunaliomba kwa niaba ya wazazi, siku mtu akileta zao jipya wilayani, kabla watu hawajang'oa mahindi, aulizwe mbele ya kijiji kama zao hilo kuna maabara mahali inalitengeneza na kwa bei gani.

Tunaomba kuwasilisha.