Transfa ya gari inakugharimu hivyo kwa sababu ulimwachilia muuzaji

Haipiti mwezi bila mtu kutuandikia WhatsApp amekasirika, ati tumemlipisha kazi ya transfa, yaani kubadilisha jina la mwenye gari, ambayo angejifanyia kwa simu nusu saa, ati eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, iko wazi kwa kila Mkenya na sisi ni mabroka tu tumekaa katikati kula jasho la watu. Juzi mmoja amekuja mpaka hapa ofisini Kirinyaga Road akasema mbele ya wateja wengine kwamba tumemwibia. Sasa wacha nijibu haya maneno mara moja, kila mtu asome.

Transfa safi ni rahisi, hilo hatujawahi kuficha. Muuzaji anaingia kwa eCitizen yake, anaenda upande wa NTSA, ile mamlaka ya serikali inayoandikisha magari, gari inaonekana pale chini ya jina lake, anaanzisha transfa na kuweka maelezo ya mnunuzi. Mnunuzi naye anaingia kwa akaunti yake anakubali, ada ya serikali inalipwa kulingana na ukubwa wa injini, halafu mnangoja logbuku mpya, ile hati ya kuonyesha gari ni ya nani. Kama muuzaji ako karibu, simu yake iko na chaji na paswadi anaikumbuka, fanyeni wenyewe mkiwa mmekaa ndani ya gari. Mkikwama pigeni simu, tutawaelekeza na hatutawaitisha hata shilingi.

Lakini angalia ni nani ameanza. Ni muuzaji. Wewe mnunuzi hata uwe na logbuku orijino mkononi, funguo zote mbili na gari imelala kwako kwa kompaundi, huwezi kuanzisha kitu, kwa sababu gari bado iko kwa akaunti yake na ile namba ya siri ya kuingia inatumwa kwa simu yake, si yako. Hapo ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Watu wengi wanaokuja kwetu hawaji na transfa safi, wanakuja na bahasha ya kaki. Ukiifungua unapata logbuku ya jina la mtu mwingine, kopi ya kitambulisho imefifia mpaka uso wa mwenyewe ni kivuli tu, kopi ya PIN ya KRA, agrimenti ya kuandikwa kwa mkono, na ile fomu ya zamani ya transfa imesainiwa na muuzaji lakini nafasi ya mnunuzi na ya tarehe zimeachwa wazi. Mabroka wanaiita "open". Anakuambia boss usijisumbue, hii ni open, we tembelea tu, siku ukitaka kuuza unampa mwenzako hivyo hivyo. Na mnunuzi anaona ameokoa ada ya transfa, anatupa bahasha kwa droo, miaka mitatu inapita. Hiyo fomu saa hii haikufikishi popote, kazi yote iko mtandaoni, na tangu huduma za NTSA zihamishwe kutoka TIMS, mfumo wake wa zamani, kwenda eCitizen mwaka wa 2023 kuna wauzaji ambao hawajawahi kufungua upande huo mpya hata siku moja.

Na hii si hiari. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, kifungu cha 9, inasema gari ikibadilisha mwenyewe isitumike barabarani zaidi ya siku 14 kama mwenye mpya hajaandikishwa, na muuzaji naye ana siku 7 za kuarifu. Kifungu cha 8 kinasema aliyeandikishwa ndiye anahesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hivyo na nyinyi wauzaji msifikiri mkishapokea pesa mambo yenu yameisha, hiyo Vitz uliyouza ikigonga mtu Jogoo Road, jina ambalo wakili wa majeruhi atalipata kwanza ni lako.

Kuna mama mmoja wa Kayole, ananunua mboga soko la Marikiti anasambazia mahoteli, alikuwa na Probox ya namna hii. Siku ameenda kuomba mkopo akitumaini logbuku ndiyo dhamana, akaambiwa gari si yake. Muuzaji alikuwa ameenda Qatar kazini, laini yake ya zamani imekaa bila kutumika mpaka kampuni ya simu ikaiuza kwa mtu mwingine, ukipiga anashika kijana wa Eldoret hajui chochote. Kabla aje kwetu mama akapata mtu wa "ndani", akamtumia pesa kwa M-Pesa, akaletewa logbuku safi kabisa, jina lake limepigwa chapa vizuri, anafurahi. Tulipofanya sachi, yaani kutafuta rekodi za gari kwa NTSA, jina bado ni la yule wa Qatar. Ile karatasi alikuwa anatembea nayo ndani ya gari ni ya kughushi, na karao angeikagua vizuri ni mama ndiye angelala ndani, si yule aliyemuuzia.

Sasa kazi yetu ikaanza. Kumtafuta ndugu wa muuzaji mpaka shamba kwao, kumshawishi kwamba hatudai mtu deni, kungoja yule jamaa atoke shifti usiku aongee na sisi kwa video, abadilishe namba ya simu kwa akaunti yake akiwa huko huko, ndipo tuone gari iko kwa akaunti yake ama imebaki kwa rekodi za zamani. Transfa ilitoka, na logbuku ya mama iko kwa jina lake leo. Kubonyeza kwenyewe kulichukua dakika chache tu, na ndiyo mtu anaona peke yake halafu anasema tumekaa tu kwa simu. Sisi tunalipisha kule kutafuta.

Mbaya kuliko Qatar ni muuzaji akifariki. Tulipata mteja wa Fielder, agrimenti yake ilikuwa nzuri, imepita kwa wakili, pesa imelipwa yote, lakini mzee alikufa kabla ya kuanzisha transfa. Mteja akadhani mjane atasaini mahali. Mjane hawezi. Mali ya marehemu haiguswi mpaka ombi la mirathi lichapishwe kwa Gazeti Rasmi, mahakama itoe mamlaka ya kusimamia mirathi, na kwa kawaida inathibitishwa baada ya miezi 6. Ukishughulika na mali ya marehemu bila hayo makaratasi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi, hata kama familia yote imekubali. Na hii familia haikuwa imekubali. Watoto wa nyumba kubwa walisema baba yao hakuwaambia ameuza gari, wakataka waongezewe pesa. Ile agrimenti ya wakili ndiyo ilimwokoa, maana angekuwa na ile ya kuandikwa kwa mkono pekee sijui angesimama na nini mbele ya hao watoto. Tukafanya makaratasi, lakini wakili wa mirathi ni gharama yake mwenyewe na hiyo si bei yetu, msituhesabie.

Halafu kuna zile za mnyororo. A alimuuzia B, B hakubadilisha akamuuzia C, C ndiye ameketi hapa kwa kiti. Agrimenti yako ni na B lakini rekodi inamjua A tu, na A hakujui, na mara nyingi akigundua unamhitaji naye anataka ya chai. Hapo tunaenda na agrimenti zote mbili na ustaarabu mwingi.

Ya mkopo pia iangalieni. Mtu akichukua pesa kwa logbuku, mkopeshaji huandikishwa pamoja naye, na hata deni likiisha jina lake halitoki lenyewe, lazima atoe barua na aachilie kwa mfumo. Zaidi ya hiyo, tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, kuna rejista ambapo mkopeshaji anaweza kuandika kwamba gari fulani ni dhamana. Sachi ya NTSA peke yake haitoshi, angalieni na hii ingine, nayo inapatikana kwa eCitizen.

Na chesisi, ile namba ya gari iliyogongwa kwa chuma chake. Tafadhali, chesisi. Sisi hatupokei kazi kabla tuone gari kwa macho, na wateja wanachukia hiyo sana, wanasema si niko na picha. Kwa Toyota nyingi namba imegongwa kwa ukuta wa chuma nyuma ya injini, zingine iko chini ya kiti cha mbele. Tunachukua kitambaa chenye petroli kidogo, tunasugua grisi na vumbi mpaka chuma kionekane, halafu mmoja anasoma herufi moja moja kwa sauti na mwingine anafuata kwa karatasi ya sachi. Kuna Wish ilikuja hapa, logbuku inasema 3, chuma kinasema 8. Imepita mikononi mwa watu kadhaa na hakuna aliyewahi kuinama kuangalia. Ilikuwa makosa ya uandishi, ikarekebishwa, lakini ingepatikana kwa rodibloku ingehesabiwa gari ya wizi mpaka mwenyewe ajieleze. Injini ni hivyo hivyo, kama ilibadilishwa hapa Grogan kwa wauza spea na hakuna aliyearifu NTSA, utatumwa ikakaguliwe na utaulizwa risiti ya hiyo injini, kwa hivyo idai kwa muuzaji mapema.

Bei yetu ni hii. Transfa ambayo muuzaji yupo ni elfu tatu juu ya ada ya serikali, na hapo ndani kuna sachi na kukagua chesisi. Ya muuzaji aliyepotea hatuwezi kutaja bei kwa simu, tunaangalia bahasha kwanza, tunakuambia ukweli hata kama ukweli ni kwamba haitawezekana bila wakili, na pesa ya kuangalia bahasha hatuchukui. Anayekuambia elfu tano na siku tatu bila kuuliza muuzaji ako wapi, muulize yeye atabonyeza akaunti ya nani.

Kama bado hujanunua, bakisha pesa. Usilipe yote pale yadi ama soko la magari la Jamhuri siku ya Jumapili kwa sababu broka anakuambia kuna mtu mwingine anakuja na keshi. Andika kwa agrimenti kwamba salio, hata elfu hamsini, litalipwa siku utakayokubali transfa kwa akaunti yako. Muuzaji ambaye bado anakudai salio hawezi kukuzimia simu.

Na kama bahasha tayari iko kwa droo, ilete wiki hii muuzaji akiwa bado anashika simu. Beba logbuku orijino, kitambulisho chako, PIN yako, agrimenti zote hata zilizochanika, na namba yoyote ya simu ya muuzaji au ya jamaa yake. Kama muuzaji ni kampuni, tafuta CR12, ile karatasi ya serikali inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Kama logbuku imepotea, pitia polisi kwanza uandikiwe abstrakti, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti kupotea. Kuja na gari yenyewe, tutainamia chesisi hapo nje. Jumamosi tunafunga saa saba.