Barua kwa mwanangu: usipite kulia kwa kamyo

Mama yangu, binti yangu,

Nakuandikia kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Foleni ya kamyo, malori haya yetu, haijasogea tangu asubuhi, na haya ninayotaka kukueleza hayafai kwa simu. Kwa simu utaniitikia "ndiyo, papa, ndiyo, papa", kisha mtandao utakatika na kila mmoja atabaki na lake. Karatasi utaisoma, utairudia, na penye hesabu utachukua biki usahihishe.

Mama yako alinipigia jana usiku. Yule jirani yetu fundi mwashi alikuona karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapo Lubumbashi, uko juu ya baiskeli, midomo inachezacheza kama mtu anayesali. Akakuita kwa jina, kwa sauti, hukugeuka. Teksi-basi ikafunga breki nyuma yako hadi abiria wakapiga kelele, na hapo pia hukugeuka. Nyumbani hukusema kitu, na nadhani hukujua hata kama kuna lililotokea. Mama yako ameshakata shauri: "Hiyo kinga, hiyo baiskeli, irudi kwa mwenyewe." Ila neno la mwisho ameniachia mimi. Neno langu ni hili: baiskeli inabaki, kwa masharti. Na masharti hayo nataka uyaelewe kwa akili yako mwenyewe, maana sharti usilolielewa nakujua huwa unalizunguka.

Inabaki kwa sababu ya Jumamosi. Toka Katuba, upite Kenya, upite Kamalondo, hadi mjini kwa mwalimu wako wa hesabu, nauli ya kwenda na kurudi ingemaliza pesa ya kaye, daftari zako, na ya fotokopi, nami sitaki hata Jumamosi moja ikupotee. Nimeona zinakufanya nini. Jioni ile uliporudi na habari ya mfupa wa Ishango, umeme ulikuwa umekatika, tumekaa na mshumaa, bukari, ugali wetu, imeshaliwa. Ukaomba punje za mahindi, ukazipanga mezani mafungu mafungu: 11, 13, 17, 19. Ukatuambia mfupa huo ulipatikana mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, nchini mwetu humu humu. Kwamba una miaka kama 20,000. Kwamba mtu wa zamani zile aliuchonga alama kwa safu tatu, na safu moja ina mafungu hayo manne, ambayo ndiyo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ukajumlisha, 60. Ukapanga safu nyingine: 11, 21, 19, 9. Ukajumlisha, 60 tena. Mdogo wako akauliza huyo mtu alikuwa anahesabu nini. Ukamjibu kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana, wengine wanaona kalenda ya mwezi, wengine mchezo wa namba, wengine wanasema ni mikwaruzo tu ya kuufanya mfupa usiteleze mkononi. Halafu ukasema kwa hasira kwamba mfupa wenyewe uko Brussels. Hasira ile niliipenda sana.

Wajomba zako wananiuliza msichana atafika wapi na hesabu. Nawajibu: alikofika Maryam Mirzakhani wa Iran, yule uliyenionyesha picha yake, aliyepata medali ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu, mwaka 2014, mwanamke wa kwanza kuipata. Na kabla ya kufika mbali huko kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kabla ya chuo kuna mtihani wa serikali. Yote hayo yanakutaka uwe mzima.

Sasa panda nami kwenye kamyo. Hujawahi kukaa kwenye kiti changu tukiwa barabarani, kwa hiyo hujui ninachokiona. Usukani wangu uko kushoto. Nikikaa, macho yangu yako juu ya lami kwa zaidi ya mita mbili. Mtu akisimama kulia kwangu, chini ya mlango wa msaidizi, mimi naona dirisha, naona anga, naona paa la duka la ng'ambo. Yeye simwoni. Leo, kwa kuwa tumesimama, nilimwomba msaidizi wangu ashuke atembee pole pole upande wa kulia, toka taa ya mbele hadi magurudumu ya tela, mkono ameunyoosha juu. Alipotea mara tu alipofika usawa wa mlango. Nikaona vidole, vikapotea navyo. Akatokea kwenye kioo akiwa ameshafika nyuma. Huyo ni mtu mzima, mrefu, na mimi nilikuwa namtafuta kwa makusudi. Wewe unakuwa umeinama juu ya baiskeli, na mimi wakati huo nina pikipiki mbele, mama mwenye beseni anavuka, na polisi wa barabarani ananionyesha mkono.

Na hapo bado hatujafika kwenye hatari yenyewe, ambayo iko nyuma. Kamyo ikikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanapita ndani zaidi, upande wa ukingo. Sisi madereva tunalijua hilo mwilini, ndiyo maana kabla ya kukata kulia tunajivuta kwanza kushoto. Mwenye baiskeli anaona nafasi imefunguka kulia, anadhani amepewa njia, anaingia. Wengi wanaosagwa na kamyo husagwa hapo, na dereva anasikia kelele za watu kabla hajajua ni nini.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jambo kama hili linaandikika. Chora duara ambalo gurudumu la mbele linalizunguka. Toka katikati ya duara hadi ekseli ya mbele ndio upande mrefu wa pembetatu yako. Urefu wa gari toka ekseli hadi ekseli ni upande wa pili, na toka ekseli ya nyuma hadi katikati ni upande wa tatu. Pembe mraba iko pale kwenye ekseli ya nyuma. Ni Pythagoras yule yule wa kwenye kaye yako.

Nimepima leo kwa mita ya fundi. Kichwa cha kamyo, toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ni mita 3.6. Toka pini inayoshika tela hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 8. Tuseme mbele nazunguka kwa nusu kipenyo cha mita 12. Mraba wake ni 144. Toa mraba wa 3.6, yaani 12.96, inabaki 131.04. Rudia kwa tela: toa mraba wa 8, yaani 64, inabaki 67.04. Kipeuo chake cha pili ni 8.2 hivi. Kichwa changu kinapita mita 12 toka katikati, mkia unapita mita 8.2. Ni karibu mita 4 za barabara zinazoliwa na mkia, na wewe umesimama humo humo na baiskeli yako ukingoja nipite.

Nikipita Likasi huwa namkumbuka Pierre Curie, mume wa Marie Curie, kwa sababu kuna madini ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na hapo, yaliyopewa jina lake mwaka 1921. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, alikuwa anavuka barabara Paris kwa mguu, akaanguka chini ya gari zito la kukokotwa na farasi. Magurudumu ya mbele hayakumgusa. La nyuma lilimpita kichwani. Alikuwa na miaka 46 na tuzo ya Nobel, na kichwa kile hakuna aliyeweza kukirudisha.

Magari madogo nayo yana yake. Hapa tunaendesha kulia, lakini mengi yamekuja na usukani wa kulia. Dereva wake akitaka kuona kama njia ya mbele ni wazi apite, inabidi atoe gari lote nje kwanza. Kwa hiyo ukiona gari limetokeza ghafla toka nyuma ya jingine linakujia, usimhukumu kwamba amekuona akakudharau. Huenda ndio kwanza anakuona. Na teksi-basi zile za kutoka Japani, nyingine mlango wake uko kushoto, abiria wanashukia barabarani badala ya pembeni. Ikisimama mbele yako usiipite karibu. Iache nafasi ya mlango na ya mtu anayeruka na mzigo.

Mwendo pia. Unajua kwamba ukizidishwa mara mbili, breki inahitaji nafasi mara nne. Gari dogo, lami kavu, breki nzima: kwa kilometa 30 kwa saa linahitaji kama mita 5 likishashikwa breki, kwa 60 kama mita 20. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka, mita 8 kwa yule, mita 17 kwa huyu. Jumla 13 na 37. Mimi na shaba yangu nyuma usinitafutie hata kwenye jedwali hilo.

Basi masharti. La kwanza kwangu ni hili, na mengine yote yako chini yake: hesabu isipande baiskeli. Wazo likikujia njiani, na najua litakujia, shuka, egemeza baiskeli ukutani, toa kaye, liandike lote, ndipo uendelee. Ukichelewa, mwalimu nitaongea naye mimi. Visikilizio vya simu masikioni, hapana kabisa. Kamyo ikiwa mbele yako na kona iko karibu, baki nyuma, hata kama upande wa kulia uko wazi kiasi cha kupita watu watatu. Tazama kioo cha dereva: usipoona uso wake humo, naye hakuoni. Pale soko la Kenya teremka usukume. Wale wa makala, wabeba mkaa, wanaoingia alfajiri kwa barabara ya Kasenga ni wanaume wenye nguvu kukuzidi, na kwenye msongamano wanashuka wanasukuma, hakuna anayewacheka. Siku ya mvua baiskeli inalala nyumbani, maana shimo lililojaa maji huwezi kujua kina chake. Na saa kumi na mbili jioni uwe umeshaingia uani.

Mama yako mwonyeshe barua hii. Mweleze na pembetatu, kwa punje za mahindi kama zitasaidia. Ana haki ya kuogopa, naye ndiye anayebaki akisikiliza mlango wa uani kila Jumamosi.

Kuna jambo moja limenishinda, nakuachia. Hesabu yangu ya mita 8.2 ni ya kamyo inayozunguka bila kuacha hadi mkia utulie kwenye njia yake. Kona ya mjini ni robo ya duara tu, na mkia haujafika huko ndani kabisa kabla sijanyoosha. Unafika wapi hasa? Nimechora kwenye boksi la biskuti, mstari hauji. Ufanyie mezani, siyo njiani, ukipata jibu mpe mama yako alipige picha anitumie. Nataka niwaonyeshe wenzangu hapa kwenye foleni, maana nimeshawaambia utalipata.

Baiskeli yenyewe niliikagua kabla sijaondoka, na mpira wa breki ya mbele umekwisha. Nitakuja nao mpya. Jumamosi hii chukua teksi-basi, nauli nimeshamtumia mama yako kwa simu.

Papa yako