Kwa nini hatushtui betri ya lithiamu iliyolala

Wiki hii tena mteja ametoka kwenye karakana yetu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, akinung'unika kwamba tumemla mia tano yake ya kupima bure. Alileta betri ya pikipiki ya umeme, tukaipima, tukamwambia kundi moja la seli, yaani vile vipande vidogo vya kutunza umeme vilivyofungwa ndani ya betri, limekufa, lazima libadilishwe. Yeye alitaka ishtuliwe tu. Tulipokataa akasema shida yetu ni kuuza seli. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, kwa hivyo tunayajibu hapa kila mtu asome.

Kushtua mnakujua. Bodi ya BMS, ile ya kulinda seli ndani ya betri, ikikataa kuchaji, fundi anaizunguka, anagusisha nyaya za chaja moja kwa moja kwenye seli, volti zinapanda, taa inawaka, mwenye betri anaondoka na furaha yake. Kazi ya dakika chache, bei ya soda. Lakini bodi ile haikukataa kwa ukaidi. Imewekwa pale ikatae.

Ndani ya seli kuna karatasi nyembamba ya shaba iliyopakwa grafiti upande wa hasi, na ya aluminiamu upande wa chanya. Zimetengwa na plastiki yenye unene wa mikromita 20 hivi, yaani milimita moja uigawe mara hamsini. Vyote vimelowa elektroliti, kimiminika ambacho lithiamu hupitia. Ukichaji kwa utaratibu, lithiamu huingia ndani ya grafiti ikatulia. Ukiichaji kwa nguvu mno au ukapitisha volti zake, haiwahi kuingia. Inaganda juu ikiwa madini matupu na kuota miiba iliyosimama kama mizizi ya mikoko maji yakitoka. Miiba hiyo ndiyo dendraiti. Mmoja ukitoboa ile plastiki, hasi na chanya zimekutana ndani ya seli (shoti), na hapo hakuna bodi wala fyuzi ya nje itakayokuokoa.

Seli iliyolala, yaani iliyoishiwa chaji kabisa, ina balaa lake tena. Ikishuka hadi kwenye volti 1 hivi au chini ya hapo, shaba yenyewe huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti. Ukiishtua, shaba inaganda upya mahali si pake, nayo huota miiba vilevile. Mtandaoni watu wamesoma kwamba miiba huletwa na baridi. Ni kweli, kuchaji seli hizi chini ya nyuzi sifuri kunaziua. Lakini baridi hiyo Mombasa itoke wapi? Zinazofika mezani kwetu zimeuliwa na mambo mawili: kuachwa tupu miezi, na chaja isiyo yake.

Kuna kijana wa boda kutoka Likoni aliyekwenda bara msimu wa mvua akaiacha betri haina kitu. Kurudi, ikawa haichaji. Tulimpimia akiwa amesimama hapa hapa: makundi 12 yalikuwa sawasawa, la 13 linasoma volti 0.9. Tukamwambia bei, akaenda kuishtua kwingine. Siku chache baadaye akairudisha ikiwa inazima kila akipanda daraja. Safari hii lile kundi lilisoma 3.9, akatuangalia kwa macho ya "mmeona?" Tukamwomba ailaze usiku mmoja bila kuunganishwa na chochote. Asubuhi mengine hayakusogea, lile likawa 3.1, na ukiligusa lina uvuguvugu. Umeme ulikuwa unavuja ndani kwa ndani. Na hiyo ndiyo betri anayokalia juu yake, akiwa na abiria nyuma.

"Sasa fundi, si kuna dawa ya kuongeza?" aliuliza. Kaka, dawa ipo kweli, na kazi yake ni nzuri. Viwanda huchanganya vinileni kaboneti au fluoroethileni kaboneti kwenye elektroliti, kidogo tu, mara nyingi asilimia chache. Seli ikichajiwa mara ya kwanza, dawa hiyo huvunjika kabla ya elektroliti yenyewe na kujenga utando laini juu ya grafiti. Utando ukiwa imara na sawa kila mahali, lithiamu hupita kwa usawa na miiba haipati pa kuanzia. Mwaka 2013 watafiti wa maabara ya Pacific Northwest, Marekani, walionyesha njia nyingine kwa seli ambazo upande wa hasi ni lithiamu yenyewe badala ya grafiti: ayoni (chembe zenye chaji) za madini ya siziamu hukusanyika kwenye ncha ya mwiba unapochomoza, zikaisukuma lithiamu iende ikajaze mabondeni.

Lakini dawa hiyo inatiwa kiwandani, kwenye chumba kilichokaushwa hewa, kabla seli haijafungwa. Chumvi ya lithiamu iliyomo kwenye elektroliti ikikutana na unyevu hutoa asidi haidrofloriki, sumu inayokula hadi mfupa. Hewa yetu ya pwani mnaijua. Anayekwambia atafungua seli akutilie dawa, beba betri yako uondoke.

Chaja nayo. Mama mmoja wa Kisauni mwenye kibanda cha juisi alinunua betri ya lithiamu fosfeti ya sola, akaiunganisha kwenye kidhibiti chaji cha zamani cha betri ya asidi. Seli nne za aina hiyo zikiunganishwa kwa kufuatana, mwisho wake ni volti 14.6. Kidhibiti kile kikifika hatua ya kusafisha betri ya asidi hupita volti 15. Mpaka anatuita, betri ilikuwa imefura, na kidhibiti kipya kingemgharimu sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Mia tano ya kupima inalipia haya: tunapima kila kundi, tunachaji polepole, tunalaza, tunapima tena. Ndiyo maana betri yako inalala kwetu. Seli mpya tunazilinganisha uwezo kabla ya kuzichomelea, na zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu hatuweki, hata ukituambia duka la pili lina bei nusu.

Ukisafiri, iache ikiwa na nusu chaji, ichomoe kwenye pikipiki, uiangalie kila mwezi. Usipotaka tuitengeneze, hatukulazimishi. Tunakurudishia kundi lililokufa likiwa limewekwa alama ya wino mwekundu, fundi mwingine asije akalishtua bila kujua.